Baiskeli Nilizolala Nazo Chumba Kimoja

Mjukuu wangu Vivian ameninginiza baiskeli yake ukutani, hapa kwao Homa Bay, gorofa ya tatu, juu kabisa ya kochi ambalo mimi hukalia nikinywa chai. Ameishikiza kwa ndoano mbili alizoagiza kwa simu, na ndoano zenyewe zimeingia ukutani kwa skrubu fupi kama kidole cha mtoto. Nilipoiona siku ya kwanza nilihamisha kikombe, halafu nikahama mwenyewe.

"Dani, hiyo haianguki," Vivian akaniambia; dani kwetu Wajaluo ni bibi.

Nikamwambia sijasema itaanguka. Nimehama tu.

Basi nimeona niwaambie vijana wote mnaopanga vyumba vidogo, mliochoka na pikipiki mkarudia baiskeli, wengine kwa mazoezi, wengine kwa kupelekea watu chakula walichoagiza. Mmefanya vizuri. Lakini naona hakuna aliyewafundisha kulala na baiskeli ndani. Mimi nimelala nazo miaka yote ya kazi yangu, katika chumba kimoja cha plot, yaani nyumba ya vyumba vya kupanga, iliyo nyuma ya soko, Migori mjini. Watu walitoka Uriri na ndizi, walitoka Osiri kwa wachimba dhahabu, walitoka Kehancha na mahindi, na wote walijua mjini ukiegemeza baiskeli nje ya duka utatoka ukute kiti kimeenda, au gurudumu, au yote. Wakaambiwa, peleka kwa Dani Peres. Wapangaji wa vyumba vya juu ambao ngazi iliwashinda nao wakaleta. Walinipa kitu kidogo, nikaishi. Jioni zile ambazo wenyewe hawakurudi, nililala nazo.

Kazi hii nilifundishwa Oyugis nikiwa msichana, na mama mmoja aitwaye Yuniter Adoyo, ambaye chumba chake kilikuwa kidogo kuliko changu na bado kilimeza baiskeli za soko zima. Yuniter hakujua kusoma, na mimi nilisoma kidogo tu, nikaacha. Hatukuandika kitu. Tulishika majina. Mtu akileta baiskeli anasema jina lake, la baba yake, na kwao. Akirudi kuichukua, Yuniter alifunga pazia asione ndani.

"Inakaaje?" anamwuliza.

"Si ile pale, mama."

"Pale wapi? Nimeuliza inakaaje."

Alinifundisha hivyo, na mimi nawaambia: usimwonyeshe mtu kitu kabla hajakueleza kikoje. Ukishamwonyesha, hata mwizi atakieleza vizuri. Kuna mzee mmoja, Kefa Ogutu, aliacha kwangu baiskeli ya kijani kila siku ya soko mpaka nywele zake zikawa nyeupe, na kila mara nilimwuliza. Alikasirika. "Dani, si unanijua?" Nilimjua, hata jina la bibi yake aliyemzaa mama yake nilikuwa nalijua. Lakini nikimwacha Kefa apite kwa sababu namjua, kesho atapita mtu anayesema ametumwa na Kefa.

Sasa tuje ndani. Baiskeli haiingii na matope. Ule udongo mwekundu ukikaukia kwenye cheni unaisaga kama unga, na ukianguka sakafuni unaingia hadi kwenye ugali. Ifute nje, kwa kitambaa kilicholowa taa, yaani mafuta ya taa, halafu kitambaa kikavu. Iliyobeba omena, dagaa wa ziwani, isugue kerea, kile chuma cha kubebea mizigo nyuma, kwa majivu, la sivyo utaamka uko na paka wa mtaa mzima. Cheni igeuze iangalie ukuta, na chini yake weka katoni, kwa sababu mafuta ya cheni na neti ya mbu havipatani, na neti ikishashika mafuta hakuna sabuni ya kuiponya. Jiko la makaa likae mbali na taya, ule mpira wa gurudumu. Ukiwa na mtoto anayetambaa, pitisha gunia kwenye spoku za magurudumu, kwa maana vidole vya watoto hutafuta spoku.

Zikiwa nyingi, zipange kichwa kwa mkia, kama watu wanavyolala wengi kitanda kimoja msibani. Nyepesi zipandishe juu. Lakini zishike kwa mwili wa chuma, zisishikwe kwa rimu, na kamba ipite kwenye boriti ambayo umeigonga mwenyewe ukasikia sauti yake. Msiamini boriti kwa sababu imepakwa rangi. Mwenye nyumba hupaka rangi hasa mahali ambapo pana jambo.

Na hizi zenu za betri. Rafiki yake Vivian, kijana anaitwa Collins, ana baiskeli yenye betri kubwa kama tofali, na anaiacha ikichaji chini ya kitanda anapokwenda kazini.

"Collins," nikamwuliza, "wewe ungewasha jiko chini ya kitanda uende kazini?"

"Dani, betri si jiko."

"Mbona ukitoka nayo ina joto?"

Akasema ni kawaida. Mimi mtu akiniambia ni kawaida kabla sijauliza mara ya pili, nasogea mlangoni. Simkatazi kuja kula hapa. Betri ndiyo inabaki nje.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya usukani, kwa sababu huo ndio ulioniletea mambo.

Siri ya chumba kidogo si ndoano. Baiskeli yenyewe ni nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Kinachokula nafasi ni usukani. Sasa chukua spana, legeza ile nati iliyo juu ya shingo yake, igonge kidogo kwa mbao ishuke, halafu zungusha usukani mpaka ulale sambamba na mwili. Baiskeli inakuwa bapa kama mlango, unaiegemeza ukutani na bado unapita na sufuria. Siku ya kuitoa unaurudisha, unakaza, halafu unabana gurudumu la mbele kati ya magoti na kuupinda usukani kwa nguvu zako zote. Ukikubali kugeuka wenyewe, hujakaza. Usipande.

Hiyo ya magoti watu wengi hawaijui, kwa sababu wengi hawajawahi kulegeza usukani. Mpanda baiskeli wa kawaida anabonyeza taya, anatikisa breki kama anazo, anaenda.

Kulikuwa na mwanaume aitwaye Tobias Onyango Odhiambo, mtu wa upande wa Karungu, aliyekuwa akibeba maji na magunia ya mawe kule Osiri kwenye machimbo. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi nzito ya kizamani, na fimbo za breki ya mbele alikuwa ameziondoa, kama wengi wa Osiri, kwa sababu zilimzuia kufunga magunia. Alisimamisha kwa kukanyaga taya na kandambili. Asubuhi moja alikuja mjini, uso umevimba, akanipa baiskeli ikiwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli lake gurudumu la nyuma. Akasema anapita hospitali, jioni atarudi.

Walimlaza. Hakurudi. Nilisikia habari ya kifo chake kwa watu wa Osiri waliokuja sokoni. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuizungusha usukani na kuipandisha juu ya kitanda changu, kwa hivyo nililala chini ya baiskeli ya marehemu, na mimi ni mtu wa kanisa, lakini niligeuza kichwa upande wa miguu.

Baada ya mazishi akaja kijana mmoja mwenye shati safi, amebeba soda na mkate.

"Mama, habari ya hapa. Mimi ni Zablon, ndugu mdogo wa Tobias."

"Pole kwa msiba, Zablon."

"Asante. Nimetumwa na nyumbani nichukue baiskeli ya marehemu."

"Nani amekutuma?"

"Si familia."

"Familia ina majina."

Akacheka. "Mama, kwani wewe ni polisi?"

"Polisi huuliza kidogo."

Akatoa ufunguo mfukoni, akaupunga. Ulikuwa kwenye nguo za marehemu alizokwenda kuzichukua hospitali, alisema. Nikaamini kuwa ni ufunguo. Nikamwuliza kama nyumbani wameshagawana vitu vya Tobias.

"Tulimaliza. Siku ile ile ya mazishi, tukishafunika kaburi. Watu wa Nairobi walikuwa na haraka."

Hapo nikaiweka ile soda kando bila kuifungua. Kwa sisi Wajaluo, mwanaume akizikwa, vitu vyake vinakaa vilipo. Watu wanaomboleza siku zao, wananyolewa wanaonyolewa, ndipo wazee wanakaa na kugawa: jembe kwa huyu, kitanda kwa yule. Tunaita keyo nyinyo, kugawa vyuma, kwa sababu zamani mali ya mtu ilikuwa chuma chake. Kabla ya siku hiyo mtu hagusi. Anayegusa anajitafutia chira, ile laana inayomkondesha mtu bila ugonjwa. Najua siku hizi watu wanaharakisha mambo, kwa hiyo sikusema huyu ni mwongo. Lakini kugawa siku ya kaburi, udongo bado haujatulia, hata watu wa Nairobi hawana haraka hiyo.

"Baiskeli iko," nikamwambia. "Itatoka wazee wakikaa."

"Lakini nina ufunguo."

"Wa kufuli. Mlango ni wangu."

Aliacha mkate. Nikampa Benta Awuor, jirani yangu aliyekuwa akishona nguo kwa cherehani pale barazani. Mimi sikuula.

Haikupita wiki akaja mwanamke. Alisimama juani, mbali kidogo na mlango, amejifunga leso nyeusi. Nikamkaribisha kivulini akakataa. Nikamkaribisha ndani akarudi nyuma zaidi. Hapo nikaelewa ni mjane, maana mjane ambaye mambo yake hayajakamilishwa haingii nyumba za watu.

"Mimi ni Rosa Akoth," alisema. "Mke wa Tobias Onyango Odhiambo. Sijaja kuichukua. Nimekuja kuona kama iko."

Sasa msidhani nilimwonea huruma papo hapo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanaume amekaa juu ya pikipiki, anatutazama, simu sikioni. Nikasema moyoni, huyu mama amekuja kuniangalia ili yule aje kuvunja. Nikamwuliza inakaaje. Akaitaja yote: nyeusi, kerea imeungwa na fundi wa Sori kwa chuma cha kitanda, kiti kimeshonewa ngozi ya mbuzi, kengele mpya ya kung'aa ambayo Tobias aliinunua kwa kuringa tu, haina breki ya mbele.

"Na yule ni nani?" nikauliza, nikielekeza kidevu ng'ambo.

"Mwenye pikipiki. Anasubiri nauli yake."

"Anaongea na nani?"

"Dani, nitajuaje anaongea na nani?"

Ilikuwa jibu zuri. Nikafungua pazia. Akanyoosha shingo kutoka juani, akaiona juu ya kitanda, imelala bapa, imefungwa kwa kamba.

"Mbona usukani umegeuka hivyo? Imevunjika?"

"Imelegezwa. Haikuvunjika."

"Nani alikuruhusu?"

Nikamweleza habari ya nafasi. Hakuonekana kuridhika. Halafu akanieleza lililomleta. Alitaka kuendelea kupika nyoyo, yale mahindi na maharagwe, na kuwapelekea wachimbaji Osiri, na bila ile baiskeli hangefika na sufuria zikiwa moto. Lakini jambo kubwa halikuwa hilo. Nyumbani shemeji yake Zablon alikuwa ameanza kusema baiskeli haionekani, na labda aliyeipoteza anajulikana.

"Siku ya kugawa ikikosekana, watasema nimeiuza mume wangu akiwa bado kitandani," Rosa alisema. "Mama mkwe wangu ameshafariki, hakuna wa kunisemea. Watanirudisha kwetu na watoto watabaki."

Akanitajia siku ambayo wazee wangekaa. Akaniambia tena, kama anayezungumza na mtu asiyemwamini, "Isitoke kwako." Kisha akapanda pikipiki.

Nilikaa nikifikiri ni yupi kati yao anayenidanganya. Mtu mwenye haki huja mikono mitupu, lakini hata mwizi mwenye akili huja mikono mitupu. Nikaamua kutomwamini yeyote na kulinda chuma.

Wale mnaokaa peke yenu, nisikilizeni hapa: kazi ya ulinzi huharibiwa na maji. Mfereji wa plot ulikuwa umekauka nikaenda na jerikeni kwa jirani, nikamwachia Benta mlango. Benta ni mtu mzuri. Hana dhambi ila moja, anaamini watu. Zablon alikuja, akamsalimia kwa jina, akamsifu mshono, akasema Dani amekubali, tazama hata ufunguo amenipa. Akaingia, akashusha baiskeli, akafungua kufuli, likafunguka. Benta alipoona kufuli limefunguka akasema sawa, mwenye mali ni huyu, akaendelea na cherehani.

Usukani ukiwa umelala upande, Zablon aliunyoosha kwa mkono. Ulikubali kwa urahisi. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini umekubali. Yeye aliisukuma mpaka njia inayoteremka sokoni, akaruka juu.

Mimi nilikuwa narudi na jerikeni, nikasikia kicheko kabla sijaona kitu. Pale njia inapopinda, wanawake wa omena hutandaza mali yao juani kwenye magunia. Zablon alifika kwenye kona akageuza usukani. Usukani ukageuka. Gurudumu halikugeuka, liliendelea na safari yake. Breki ya mbele hakuna. Akaingia kwenye omena yote, kifua kwanza, na baiskeli juu yake.

"Omera, ndugu yangu," mmoja wa wale mama akamwambia, "mbona unalala nayo na bei bado hatujaelewana?"

"Mwache," mwingine akasema, "anachagua kubwa kubwa."

Aliinuka na damu kidevuni na omena kwenye nywele, akanitazama mimi niliyesimama na jerikeni, akaondoka kwa miguu haraka sana. Aliacha kandambili moja, na kufuli likiwa na ufunguo ndani yake. Kengele ilikuwa imeng'oka, ikapotelea mle mle kwenye omena, na tulitafuta mpaka wenye mali wakachoka na mimi. Niliisukuma baiskeli hadi nyumbani. Benta hakuweza kuniangalia.

"Dani, kufuli lilifunguka," alisema.

"Lilifunguka, ndiyo."

"Sasa ningejuaje?"

Nilikaza usukani, nikaubana kwa magoti, nikaupinda. Nikajua kuwa siwezi kungoja mtu aje. Siku waliyokubaliana wazee, niliifunga baiskeli nyuma ya pikipiki, mimi nikakaa katikati nimebanwa kati ya dereva na kerea, tukaenda Karungu. Njia nzima nilimshuku dereva pia, kwa sababu aliniuliza baiskeli ni ya nani.

Nilikuwa nimeamua kitu kimoja. Habari za omena singezisema. Ule ulikuwa msiba, na Zablon, hata akiwa hivyo, alikuwa amezika ndugu yake. Ningefikisha chuma, ninyamaze, nirudi.

Nilipoingia langoni wazee walikuwa wamekaa, na vitu vya Tobias vimewekwa chini: jembe, koleo, redio, koti. Rosa alikuwa amekaa mlangoni kwake, hakuna mtu karibu naye. Aliyesimamia alikuwa Joash Okumu, ndugu wa baba yake Tobias, mzee anayeongea polepole mpaka unataka kumsaidia. Watu walinyamaza waliponiona nasukuma baiskeli, nikajua walikuwa wakiisema.

Zablon alikuwa na ulimi mwepesi. Kabla sijasalimia alisimama.

"Si niliwaambia imeuzwa? Huyu hapa ndiye mnunuzi. Ameogopa marehemu, ameirudisha."

"Mimi sijanunua baiskeli maishani mwangu," nikasema. "Mimi huziweka."

"Uliwekewa na nani?"

"Na Tobias Onyango Odhiambo, kwa mkono wake."

"Tobias atakuja kushuhudia?"

Watu wakaguna. Dada mmoja wa Tobias akamgeukia Rosa. "Na jinsi ulivyokuwa ukilia, mama. Kumbe ulikuwa na soko Migori." Niliona mambo yanaelekea ambapo alisema yataelekea, na neno langu mimi, mwanamke mgeni mwenye baiskeli ya watu, lilikuwa jepesi.

Rosa akainuka. Nilidhani anakuja kunishukuru. Akanipita. Akainama kwenye baiskeli akaanza kuikagua mbele ya wazee wote: akabonyeza taya, akahesabu spoku kwa kidole, akatikisa kerea, akapapasa ngozi ya kiti. Kisha akanigeukia.

"Dani, kengele iko wapi?"

"Ilianguka."

"Ilianguka wapi?"

"Njiani."

"Njia gani? Uliniambia inaning'inia kwa kamba. Kitu kinachoning'inia kina njia?"

Nilitazama chini. Joash akasema, polepole, "Mama, umeulizwa." Na Rosa alikuwa akiniangalia kama mimi ndiye mwizi, mimi niliyelala chini ya ile baiskeli nimegeuza kichwa. Niliona hasira. Nikasema, "Kwenye omena."

"Omena gani?"

"Omena ambayo shemeji yako aliiangukia, siku alipotoa baiskeli kwangu mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji."

Sikueleza kwa nini alianguka. Mambo ya spana si ya matangani. Nilisema alianguka, basi.

"Uongo," Zablon akasema. "Mimi sijakanyaga Migori tangu tuzike."

Joash akamtazama. "Na hicho kidevu?"

"Seng'enge ya shamba, baba."

"Sawa. Ni baiskeli ya ndugu yako. Hatuwezi kugawa kitu kibovu. Hebu ipande, uzunguke boma, tuone kama ni nzima."

Zablon akaja. Alikuwa na furaha, alidhani mzee ameamua upande wake. Akaishika baiskeli. Na kabla hajapanda, bila kuambiwa na mtu, akasimama mbele yake, akabana gurudumu katikati ya magoti, akaupinda usukani kulia, akaupinda kushoto, kwa nguvu, jasho likamtoka. Alipoona hauzunguki ndipo akainua mguu.

"Ngoja," Joash akasema. "Hiyo ni nini umefanya?"

"Nakagua tu, baba."

"Nimepanda baiskeli tangu kabla hujazaliwa. Sijaona mtu akiikagua hivyo. Nani amekuonyesha kwamba usukani wa hii huzunguka peke yake?"

Yule dada aliyemkejeli Rosa ndiye alianza kucheka, akijaribu kuficha kwa leso, kwa sababu ni msiba, na kicheko kikikatazwa hukaza. Wanaume wakaangalia kando. Zablon aliilaza baiskeli chini taratibu, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hakuna aliyesema wamepotea.

Wazee wakasema baiskeli ibaki katika nyumba ya Rosa, yeye na watoto wake. Jembe, koleo na redio vikagawanywa kwa wengine. Sikubaki kula. Nilipokuwa nikitoka langoni Rosa alinifuata.

"Kengele ilikuwa mpya," alisema.

Nikamnunulia nyingine.

Alipomaliza mambo yake ya ujane alianza kupeleka nyoyo Osiri, na siku za soko alikuja Migori kununua maharagwe. Baiskeli alikuwa akiiacha kwangu, na kila mara akirudi anaikagua yote kabla ya kusema asante. Wateja wengine walishangaa kwa nini namvumilia. Mimi nilikuwa nikimwangalia tu. Hakuna aliyewahi kunikagua hivyo, hata Yuniter Adoyo.

Magoti yangu yalipokataa kuinua baiskeli, na binti yangu akaniita huku Homa Bay, watu walidhani nitamwachia Benta chumba, kwa kuwa ni jirani na ana moyo mwema. Nilimwita Rosa. Nilikuwa nimeweka spana, kamba na katoni tayari mezani, na nilikuwa nimejiandaa kumtajia baiskeli zote na wenyewe, jina, la baba na kwao. Akaniambia ningoje kwanza. Akazitoa zote nje, moja moja, akazipanga juani, akaanza na ya kijani ya Kefa Ogutu: taya, spoku, kerea, kiti, kengele. Nikataka kwenda kukaa kivulini.

"Simama hapo hapo, Dani," alisema bila kuinua kichwa. "Ikiwa kuna kitu kimepungua, tukione tukiwa wawili."

Nikasimama juani mpaka amalize.